Kiacheni Kilale

Jumatatu kipande kimerudi kutoka Brno,
kimefungwa kamba ya njano, na karatasi juu yake:
Tundu limebana. Maikroni tisa. Kimekataliwa.

Koldo alikitua mezani pangu
kama mtu anayerudisha sahani yenye nywele.
Hakusema neno. Mvua ya Elgoibar ndiyo iliyosema,
ile nyembamba isiyonyesha wala kukatika,
juu ya bati, juu ya mto, juu ya baiskeli yangu.

Maikroni tisa.
Unywele wangu, huu mweupe ulioangukia kola,
una sabini.

Miaka ishirini na sita nimesimama hapa
nikisikiliza kisu kikila chuma:
kikiwa butu hulia kama paka mlangoni,
kikiwa kikali hunong'ona tu,
na chenga zinaruka za buluu, za moto,
moja iliwahi kuingia ndani ya kiatu
nikamaliza kwanza mkato, ndipo nikavua.

"Garbiñe," akauliza Unax, mwanagenzi,
"tukichonge tena?"
Nikakigusa. Baridi ya lori, baridi ya milima miwili
ingali imejikunja ndani yake.
Wahunzi walisema chuma hufuliwa kingali moto.
Hawakusema hupimwa kikiwaje.

Nikakifunika kitambaa, nikaenda nyumbani.
Nilimkatia mama mkate:
ubale mmoja mnene, wa pili umepinda, wa tatu makombo.
Akacheka hadi akakohoa.
"Na wewe ndiye wanayekulipa kwa unyoofu?"

Asubuhi, nyuzi ishirini ukutani.
Nikavaa glavu, maana hata kiganja changu
kina joto la kudanganya.
Nikaingiza kipimo polepole, nikazuia pumzi.
Mshale ukatikisika, ukarudi,
ukatua kwenye sifuri.
Unax alipima baada yangu. Kisha Koldo, mara tatu,
kwa miwani, bila miwani.

Nikawaandikia wa Brno:
Kiacheni kilale usiku mmoja ndani kwenu.
Kikishazoea joto la nyumba yenu, ndipo mkipime.
Koldo alitaka niongeze maneno ya kuomba radhi.
Sikuona pa kuyaweka.

Jibu halikuja.
Wiki ya pili likaja agizo: vipande arobaini,
tundu lile lile, bila salamu.

Unax akakimbilia mashine, kidole kwenye swichi.
Nikamwambia,
funga mlango kwanza.