Safari ya Goti

Ulisema ni goti.
Ulisema kuna mganga huko juu, Kinnaur,
anachemsha mizizi, anakanda, mgonjwa anashuka mlima mbio.
Nikafunga mizigo bila kuuliza
kwa nini mganga wa magoti ajenge mahali pa kupanda.

Lucknow tuliiaga alfajiri, stesheni ya Charbagh,
wachukuzi wa mashati mekundu na masanduku kichwani,
nawe ukikataa kupokewa mfuko mmoja tu,
ule wa dawa, umeukumbatia
kama mtu aliyebeba kifaranga.
Miaka thelathini na minane ni mkeo, Brijkishor.
Nakujua unavyobana midomo ukiwa na pini mdomoni,
nakujua na ukiwa huna pini.

Delhi ilitumeza, ikatutema.
Tulikula puri za moto tumesimama,
ukamgombeza muuzaji kwa rupia mbili
utadhani ndizo zilizomchukua Vandita.

Jina hilo halitajwi kwetu, mwaka wa nne sasa.
Alipoolewa na mkulima wa matufaha,
mtu wa milimani, si wa ukoo wala wa lugha yetu,
uliikata picha yake kwa mkasi wa vitambaa,
mkasi ambao hata mimi
hujaniruhusu kukatia karatasi.
Hapo ndipo nilipojua umeumia kiasi gani.

Kutoka Kalka, treni ndogo kama ya kuchezea.
Handaki. Mwanga. Handaki.
Watoto wa behewa zima wanapiga ukelele kila tukimezwa.
Kwenye handaki la ishirini hivi
(nilikuwa nikihesabu, kisha nikaacha)
mkono wako ulikuja juu ya wangu.
Mwanga uliporudi ulikuwa umekwisha kuuondoa,
unasugua goti, la kushoto.
Asubuhi lilikuwa la kulia.

Shimla sikuiona. Ukungu,
blanketi zenye harufu ya moshi na panya,
na meno yako ya bandia yakigonga gilasi
kila lori lilipopita.

Baada ya Rampur barabara ni uzi
ulioshikizwa jabalini kwa mshono mmoja.
Chini kabisa, mto Satlaj, rangi ya chai ya maziwa.
Mawe yakaporomoka mbele yetu, basi likasimama saa tano.
Mama mmoja mwenye kofia ya ukingo wa kijani
akatugawia aprikoti kavu, ngumu kama vifungo.
Ukalala, kinywa wazi.
Ndipo nikafungua mfuko, nikitafuta kidonge chako cha presha.

Chini ya vidonge, chini ya soksi, kofia.
Ndogo, ya kuvikwa chungwa.
Uzi mweupe juu ya melimeli nyeupe,
ule mshono wa kivuli unaoushona kwa nyuma
ili maua yaonekane kwa mbele, hafifu,
kama kitu kilichosemwa chumba cha pili.

Kumbe ulizisoma.
Barua zote nilizozifukia kwenye debe la dengu.
Nami nilidhani mwanamume hajui
debe la dengu linakaa wapi.

Kimya kingi kina mshindo, husema watu.
Chako kilikuwa na sindano.
Nikakirudisha kila kitu palepale, soksi juu.
Ulipoamka nikakuuliza: goti?
Ukasema: linauma sana.

Kalpa tulifika jua likizama.
Theluji ya Kailash iligeuka rangi ya waridi, kisha ya majivu,
abiria wote wakashusha pumzi,
wewe ukamwuliza kijana bei ya kreti ya matufaha
na kumwambia huo ni wizi wa mchana.

Juu ya ngazi za mawe mlango ukafunguka.
Mwanamke mwenye mtoto mgongoni
akatoka kumwaga maji, akatuona,
akabaki na beseni hewani.

Hukunisubiri.
Nikaita, "Polepole, goti!"
Hukusikia. Au ulisikia.
Fimbo yako ninayo mimi mpaka sasa.
Huyo mganga, sijamwona.