Sakafu ya Gungu

Saa sita umeme umekatika; pangaboi
likazunguka mara tatu kwa mazoea, likanyamaza.
Mvua ya jioni imeilowesha hewa tu,
haikuipoza.
Jasho linatoka, halina pa kwenda.

Skolastika ameacha godoro,
amelalia saruji mgongo wazi,
anaikopesha sakafu joto lake
kibaba kwa kibaba.
Anapapasa paji la Yoramu:
ni homa, au ni usiku tu?
Kiganja nacho kinawaka;
hakifai kuwa shahidi.

Saa kumi hewa ya milimani
ikashuka kwenda ziwani, ikakatiza dirishani.
Hakuna aliyeisikia.

Asubuhi, sakafuni, watu wawili wa unyevu,
mkubwa na mdogo,
wanakauka kuanzia miguuni.