Fundi wa Vidude, Rasimu ya Saba

Saa tisa alasiri, na Tampere imeshaingia giza.
Januari ya huku haina adabu; humeza mchana
kabla mtu hajamaliza kikombe cha pili cha kahawa.
Mezani jikoni: dadu za pande ishirini,
karatasi ya miraba, kifutio kilicholika upande mmoja,
na huyu kiumbe wangu anayekataa kusimama.

Mchawi ni rahisi kumwandika.
Ananuia, anatamka, moto unatoka.
Hakuna anayemuuliza moto ule kaununua wapi.
Mpiga upanga naye ana mkono, mkono una upanga,
yamekwisha.
Lakini fundi wangu,
kila anachotoa mkobani kinanidai maelezo:
kina uzito gani? Kinashika kutu?
Nani alikaza nati ile, na kwa bisibisi ya nani?

Rasimu ya kwanza nilimpa vidude arobaini.
Buibui wa shaba apandaye kuta,
miwani ya kuonea nyuma ya mlango,
mwavuli ukifunguka unakuwa ngao.
Eetu, mchawi wetu tangu ana miaka kumi na miwili,
alisoma, akakuna kidevu kisicho na ndevu bado,
akasema, "Huyu ni mimi, ila kabeba begi."
Nikanuna siku mbili.
Alikuwa amesema kweli.

Rasimu ya tatu nikamtoza gharama:
dadu ikiangukia moja, kidude kinalipuka.
Sanelma, daktari wa meno, alirusha moja mara nne usiku ule.
Buibui akafa. Mwavuli ukafa. Nyusi za fundi zikaungua.
Sanelma akainuka kwenda kuosha vikombe,
vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.
Mchezaji husamehe kufa;
kufanywa kichekesho, hasamehe.

Rasimu ya nne sitaizungumzia.

Ndipo akaja baba yake, Tauno,
aliyetengeneza lifti miaka thelathini na minane.
Alikuja kumrudisha binti nyumbani kwa sababu ya barafu,
akavua glavu, akazisoma kurasa zangu sitini
kama mtu anayesoma bili ya umeme.
"Huyu fundi wako," akasema, "hanuki grisi."
Akatoa springi mfukoni. Nadhani huwa anatembea nayo.
"Hii imekaa miaka kumi na tisa
kwenye mlango wa lifti ya wodi ya wazazi.
Itie kwenye mtego wa panya, haitaua.
Imezoea kuwapisha watu."

Chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba.
Kurasa sitini, na hilo moja sikuliandika!
Nikafuta mpaka kifutio kikapata moto.
Ikabaki sheria fupi:
*Kila kidude kilikuwa kitu kingine kabla yako.
Andika kilikuwa nini.
Dadu ikiangukia moja, hakivunjiki: kinakumbuka.*

Jumamosi tukaijaribu.
Sanelma alitengeneza taa kwa kijiti cha kufumia,
kile cha bibi yake, cha kiwanda cha nguo kando ya maporomoko.
Pangoni, daraja lilikuwa limekatika,
nyuma yetu kitu kinapumua.
Akarusha.
Moja.
Wote tukaitazama ile dadu, hakuna aliyecheka.
Nikasema, kwa sauti ambayo sikuipanga,
"Taa inakurupuka mkononi mwako.
Inaruka ng'ambo, inarudi, inaruka, inarudi,
na kila ipitapo inaacha uzi wa nuru."
Mtande na mshindio, juu ya shimo.
Tulivuka mmoja mmoja. Mchawi akavuka wa mwisho,
akiuliza kama anaruhusiwa kuugusa.

Sasa ni usiku, na kazi haijaisha.
Eetu anataka kujua: fimbo yake ilikuwa mti gani?
Swali hilo litanila mwezi mzima.
Na springi ya Tauno iko hapa, kaisahau au kaiacha.
Naibonyeza kwa kidole, inapisha.
Kwenye jedwali la vifaa, chini ya "uzito",
mraba wake nimeuacha wazi.