Mguu wa Kushoto

Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi,
meza hutolewa nje, makochi hutolewa nje,
kabati la vyombo husukumwa hadi ukutani
likilia glasi zake zote,
na sebule yetu ya Kibosho hubaki sakafu tupu.

Desturi hii haikuchipuka migombani.
Aliileta Bruda Renaldi, fundi wa mashine za kahawa pale misheni,
mtu wa Kwebeki. Kwao, alisema,
theluji huja mpaka mlangoni ikagonga,
na watu huhamisha meza wakacheza jikoni
kwa sababu ndiko kwenye moto.
Sisi ambao theluji yetu hukaa kule juu kwa adabu,
haijawahi kututembelea hata msibani,
tulidhani anatutania.

Kodiani yake ilikuwa na vifungo kumi.
Aliipiga ameketi, mikono ikihangaika huku,
na miguu yote miwili ikifanya kazi yake kule chini,
kisigino, kidole, kisigino,
taka-ta, taka-ta,
ngoma iliyofichwa ndani ya viatu.
Bibi akasema: huyu amefungia mbuzi wawili chini ya kiti.

Tena alikuwa akitoa amri. Shikaneni! Zungukeni!
Mwache wako, mchukue wa jirani!
Mzee Melkiori akagoma:
wangu simwachi hata kengele ya misheni ikilia.
Watu wakacheka. Wakazunguka.

Alipoondoka, kodiani ilibaki kwa baba,
aliyekuwa akimshikia spana.
Panya walitoboa mivukuto, baba akaziba kwa mpira wa baiskeli.
Kifungo cha saba kilinyamaza mwaka ule
sukari ilipoadimika madukani,
hakijasema tena.
Kwa hiyo nyimbo zetu zote zina tundu,
nasi tumezoea kuliruka
kama mtu aijuaye njia arukavyo mfereji gizani.

Sasa sukari imepatikana, lakini ndani ya damu yake.
Novemba baba alirudi kutoka KCMC
na mguu mmoja.

Hakuna aliyetaka kugusa meza.
Wajukuu wa Dar walikuwa na spika lao lenye taa za rangi,
nasi tungeridhika nalo.
Mama ndiye aliyeinuka, akakamata kochi peke yake,
akaanza kuliburuta.

Baba aliketi. Akaivuta kodiani, akaifungua kifua.
Mguu wa kulia ukaanza:
taka... taka...
Tukasimama kama watu walioitwa jina nusu.
Taka...

Pale kwenye benchi alikuwepo shangazi Gaudensia
na kata yake ya mbege.
Hajasemezana na baba tangu kesi ya mpaka wa kihamba,
miaka sita, amkio likipitia kwa watoto.
Alivua kandambili ya kushoto.
Akakanyaga palipokuwa patupu.

Ta.

Hakumtazama. Alitazama povu la mbege.
Baba naye alikikazia macho kifungo kilichokufa
kana kwamba ndicho kilichojibu.
Taka-ta, taka-ta, mguu wa huyu, mguu wa yule,
na mama akapaza sauti, mwache wako!
na glasi zikalia kabatini.

Asubuhi isale lilikuwa pale pale mpakani.
Hakuna aliyeling'oa, hakuna aliyelizungumzia.
Ila chini ya kiti cha baba
imebaki kandambili moja, ya kushoto,
naye amekataza isiguswe na ufagio.