Pembe ya Pili

Boksi lilikuwa la sabuni; sasa limejaa harusi,
ubatizo, filamu za kareti zisizo na makasha.
Baadhi zimeandikwa kwa wino mzito USIFUTE,
kana kwamba santuri hufutika kama ubao.
Nazipangusa kwa kipande cha kanga, toka katikati kwenda ukingoni,
kamwe si kwa kuzungusha, mzunguko ndio huzijeruhi,
kisha naziingiza kwenye kompyuta, moja moja,
hapa Igogo, dirisha limefungwa kwa sababu ya wadudu wa ziwani
wanaoufuata mwanga wa kioo kama wageni wasio na kadi.

Nataka zote zikae mahali pamoja,
ndani ya kijisanduku kisichozidi kitabu cha sala,
ili runinga ya sebuleni iziite kwa majina.
Dakika ishirini kila moja.
Umeme ukikatika, unaanza upya.

Ya dada Nyanzobe ilifikiwa siku ya nne.
Programu ikauliza, kama ilivyouliza kwa nyingine: Pembe ipi?
Nikabonyeza moja,
kama mtu anayetia saini asichokisoma.

Santuri ilikuwa na uzito wa giga saba.
Nakala yangu ikatoka na tatu na nusu.

Mama aliuza dagaa Mwaloni miaka ishirini na miwili.
Hakuwa mtu wa mawaidha, ila hili alilisema:
gunia likipungua njiani, usianze kumtazama mchukuzi,
litazame gunia.

Nikalitazama.

Fundi Magesa alikuja na kamera mbili siku ile.
Moja aliisimika kwa miguu mitatu mbele ya maharusi.
Nyingine alimpa mpwa wake Bugumba, mtoto wa darasa la saba:
zurura nayo, usizime.
Baadaye akazisuka picha hizo ndani ya santuri moja,
kipande cha huku, kipande cha kule, kama ukili wa rangi mbili,
akamwambia Baba, rimoti ina kitufe, bonyeza uone upande wa pili.
Rimoti yetu ilikuwa na tundu mahali pa kitufe hicho.
Miaka kumi na minne tumeitazama harusi kwa jicho moja.

Sasa nabonyeza mbili.

Sauti ni ileile; picha mbili zimegawana sauti moja.
Mshereheshaji anawaita wa upande wa bwana harusi na zawadi zao,
na ninachokiona ni uani: masufuria, moshi,
jabali ambalo mtu ameanika juu yake vitambaa vya meza,
na Mama.
Amekalia kreti la soda lililopinduliwa. Amevua viatu.
(Kwenye pembe ya kwanza, dakika hiihii, kiti chake ki wazi,
shangazi anakitazama, kisha anatazama saa.
Miaka yote nilidhani alikwenda kulia.)
Anakula ukoko. Anaumega kwa vidole vitatu, bila haraka,
kama mtu asiyedaiwa.
Halafu anaiona kamera. Hakasiriki.
Anasema kitu.

Midomo ni yake. Sauti ni ya yule bwana ukumbini:
"Meza namba sita, jongeeni na jokofu lenu!"

Nimerudisha mara kumi na moja.
Silabi nne, au tano. Labda "umekula?"
Labda "zima hiyo."
Nyanzobe, kwa simu kutoka Geita, anashikilia ni "usimwambie,"
ila hajui nani asiambiwe nini.
Baba alivaa miwani, akasogea hadi pumzi ikatia ukungu kioo.
"Viatu vile aliazima," akasema. "Vilikuwa vinambana."
Akatoka kuwafungia kuku.

Zipo thelathini na nane nilizokwisha kunakili
na kuzirudisha boksini, nikizihesabu zimekamilika.
Usiku huu nimezitoa tena.
Naanza na ile ya juu kabisa, ubatizo wa mtu nisiyemkumbuka,
na programu ikiuliza
nakaa kwanza, kidole hewani.