Sikio la Feni

Saa nane za usiku, Daegu, Agosti,
na lami ya uchochoroni bado haijapoa.
Seonhwa yuko zamu hospitalini.
Mimi nina picha mia mbili na arobaini
za jengo ambalo halijajengwa,
mteja anazitaka kabla ya chai,
na Dasom, miezi minne, amelala
hatua mbili kutoka mezani.

Kasha ni dogo. Nilijivunia udogo wake dukani:
linaenea rafuni kati ya kopo la maziwa na nepi.
Ndani, vitu vimebanana kama vidole
kwenye kiatu cha kuazima,
na kadi ya michoro imelala kifudifudi,
pua yake karibu iguse bati.

Nyuzi themanini na sita.
Naiona namba kwenye skrini, nyekundu,
na feni mbili za chini zinazunguka polepole
kama watu waliokwisha kula.

Hazina roho mbaya. Hazijaambiwa.
Tangu kiwandani sikio lao limeelekezwa kwa prosesa,
na prosesa ni mwana wa kudeka:
ukifungua barua moja anaruka nyuzi ishirini,
feni zinakurupuka kumpepea,
na kabla hazijashika kasi yeye keshatulia.
Kadi hailii. Kadi inafanya kazi.
Joto lake linapanda kama unyevu ukutani,
taratibu, mpaka rangi ibambuke.

Kimya kingi kina mshindo.
Sikutaka kuusubiri.
Nikapakua programu ndogo, ya bure,
nikaligeuza sikio:
feni za chini, isikilizeni kadi.
Wewe wa ubavuni, msikilize yeyote aliye moto zaidi.
Nikachora mstari. Chini ya hamsini, kimya.
Sitini na tano, theluthi ya nguvu.
Themanini, toa ulicho nacho.

Zikaitika. Zikaitika kupita kiasi:
sitini na tisa, zikanguruma,
sitini na saba, zikanyamaza,
sitini na tisa tena,
kama mtu afunguaye na kufunga kila droo
akitafuta ufunguo ulio mfukoni mwake.
Dasom akaamka.

Nikamweka begani. Jokofu, dirisha, jokofu.
Mtoto huyu mchana hulala fofofo
treni ya juu ikipita usawa wa pazia.
Uvumi haumwamshi.
Kinachomwamsha ni uvumi kubadilika nia.

Basi kwa mkono mmoja, herufi moja moja, nikaandika:
msipande mpaka joto lizidi kwa nyuzi tatu.
Msishuke upesi, hesabuni sekunde kumi na mbili.
Msiitikie kila chafya.

Sabini na nne. Sabini na mbili.
Uvumi mmoja tu, wa chini,
kama sufuria ya wali inayokaukia maji.
Picha ya mia moja na tisa inajichora: ngazi,
na juu ya ngazi jua la asubuhi
ambalo nimelitunga mwenyewe.
Hewa ya moto inatoka mgongoni mwa kasha
na kunipiga kifundo cha mguu.

Imetoka kashani. Haikwenda mbali.

Namlaza Dasom, na kiganja changu kinabaki na maji.
Shingo imelowa, nywele zimegandana kisogoni.
Hakulia kwa ajili ya joto. Alilia kidogo,
kwa ajili ya kelele, kisha akavumilia,
na mimi saa nzima macho yangu
yalikuwa kwenye namba ya mwingine.

Mama mkwe hukataza feni usiku madirisha yakifungwa,
anasema watu hufa.
Sibishani naye, hata asipokuwepo.
Nafungua dirisha lote,
naielekeza feni ya chumba ukutani
ili upepo umfikie mwanangu
ukiwa umekwisha punguza ukali,
na kitambaa chenye maji nampitisha nyuma ya masikio.

Simu inamulika. Seonhwa: Vipi hapo?
Naandika, Sabini na moja.
Nafuta.
Namgusa tena shingoni, kwanza.