Daftari la Madeni

Walikula kwangu, Kibirizi, mwezi ule dagaa walipoadimika:
Nodari, Mgeorgia, fundi wa kreni bandarini,
na Zoleka, Mxhosa, mpima maji ya ziwa,
na vichupa vyake vyenye tarehe ubavuni.

Siku ya kwanza nilifungua daftari niwaandike mkopo.
Nodari akaliwekea kidole: "Davtari!"
kama aliyekutana na shemeji yake stesheni ya ugenini.
Na kalamu? "Kalami."
Na saa ya ukutani, iliyofia saa nne? "Saati."
Mimi Muha wa Kasulu, yeye wa huko kwenye theluji,
kumbe tulikopa duka moja
na hakuna aliyerudisha.

Basi nikaanza kuandika ukurasa wa nyuma.

Maji: kwetu amazi, kwa Zoleka amanzi.
N moja tu, ilidondokea njiani.
Mtu: umuntu, umntu. Moto: umuliro, umlilo.
Nikamwambia, wewe si mgeni, umechelewa tu kurudi.
Nodari anangoja zamu, kijiko hewani.
Maji yake yana mwiba: ts'q'ali.
Nilijaribu, nikakohoa kama aliyemeza mfupa wa mgebuka.
Nikaandika tsikali,
maana Kiswahili hakilali bila irabu mlangoni.

Nikiwa namenya muhogo akanipa neno la kumenya:
gvprtskvni, unatumenya.
Konsonanti nane, na i peke yake mwishoni,
mtoto aliyeachiwa kazi ya kufunga mlango.

Zoleka akataja kwao, Qoboqobo,
vizibo viwili vikafyatuka mdomoni,
wateja wakageuka: nani kaagiza soda?
Akasema ndicela amanzi, naomba maji,
na pale katikati, kwenye c, akasonya.
Mlio huo tunao, nikamwambia,
ila sisi tumeufungia nje ya kamusi, tunautoa tukiudhika.
Kwao mtu anasonya na bado anaomba kwa adabu.

Jumanne ya mvua simu ilimkuta Nodari mezani.
Akasikiliza, akailaza kifudifudi.
"Mama," akasema. "Mama amekufa."
Nikaepua maharage. Nikajifunga kanga,
nikalia kama anavyoliliwa mama,
nikamtuma Anzuruni sukari ya uji wa msiba.
Zoleka akamshika mkono: Akuhlanga lungehlanga,
halijatokea lisilowahi kutokea.

Siku ya tatu akatoa picha:
mzee wa masharubu, mkasi mkononi, kwenye mizabibu.
"Mama," akasema.
Mama ana masharubu?
Ndivyo. Kwao mama ni baba.
Mama ni deda, naye mzima,
ndiye aliyepiga simu.

Sikucheka. Hata aibu haikuja.
Nilikaa na ufagio,
nikimfikiria bibi yule ambaye nimeshamlilia
na yuko jikoni kwake, anachemsha kitu.

Zoleka akasema taratibu: kwetu baba ni tata.
T ikagonga.
Nodari akainua kichwa. Aliijua T ile:
pumzi imefungiwa kooni, kisha kifuniko kinaruka.
Akanyoosha mkono dirishani, kwenye ziwa. "T'ba," akasema.
Ziwa.
Tata, akasema yeye. T'ba, akajibu yule.
Tata. T'ba.
Mimi wa kwetu ni data, D yangu laini, haina komeo,
nikabaki na sinia kizingitini.

Aliondoka Novemba. Alilipa elfu themanini na nne,
nikapiga mstari.
Zoleka bado anakuja, bado anadaiwa chai mbili.
Ukurasa wa nyuma sijaukata.
Penye mama pana ufutio, pana karatasi iliyotoboka.
Na penye deda, kwa kuwa chozi lake nilishalitoa
na daftari halipendi kitu kisicho na jina,
nimeandika: limetangulia.